Kampuni Ikikudhulumu Nchini Kenya: Jinsi ya Kuishika Serikali kwa Ahadi Yake, Hatua kwa Hatua

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Moshi wake na maji yake machafu yalibeba madini ya risasi, na risasi hiyo ikaingia kwenye damu ya watoto na watu wazima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wakazi, wakiwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Julai 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kiasi hicho cha pesa ndicho kilichovuma magazetini. Mimi ninawaomba watu watazame majina ya waliobebeshwa lawama katika hukumu ile. Wenye kiwanda hawakuwa peke yao. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwemo, na wizara za serikali pia, kwa sababu zilikuwa na kazi ya kuwalinda watu wale na hazikuifanya.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Kampuni ikikuumiza, mara nyingi kuna ofisi ya umma iliyotakiwa kuizuia, na ukiiandikia ofisi hiyo mapema, kwa karatasi inayoweza kuthibitishwa, unapata njia ambayo wengi hawaitumii.

Kwanza, ahadi yenyewe ni ipi

Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizotayarishwa na Profesa John Ruggie. Kanuni ni 31 na zimesimama juu ya nguzo tatu: dola ilinde watu dhidi ya madhara ya biashara, kampuni iheshimu haki za watu, na aliyeumizwa apate pa kwenda na pa kusikilizwa.

Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuziandikia mpango wake maalumu, Mpango wa Kitaifa wa Utekelezaji kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, wa miaka 2020 hadi 2025. Mpango umegusa maeneo matano: ardhi na maliasili, uwazi wa mapato, mazingira, kazi, na upatikanaji wa haki kwa walioumizwa. Uganda ilifuata kwa kuzindua wa kwake mwaka 2021.

Sitaki mtu adanganyike hapa. Huwezi kwenda mahakamani ukashinda kwa kupunga Mpango wa Kitaifa. Ni sera. Kazi yake kwako ni kukuonyesha ofisi ipi ilikubali kubeba jukumu lipi, ili ukiiandikia isikujibu kwamba jambo hilo haliihusu. Nguvu inayouma imo kwenye Katiba na sheria za Bunge, na muda wa hizo haumaliziki pamoja na mpango.

Usichanganye pia haki zako na misaada ya kampuni. Kampuni inaweza kujenga darasa, kugawa basari na kuchimba kisima, na yote hayo ni mazuri. Darasa halifuti deni la mshahara, na basari haitoi sumu mtoni. Ukiambiwa barazani kwamba "hawa wametusaidia sana", pokea shukrani hizo kwa adabu na uendelee na barua yako.

Hatua ya 1: Ipe dhuluma jina lake la kisheria

Watu wengi hufika ofisini wakisema "tunanyanyaswa". Afisa anaandika "malalamiko ya jumla" na faili linalala. Tafuta kifungu. Katiba ya 2010 inakupa vya kutosha: Kifungu cha 41 ni haki za kazi, cha 42 mazingira safi, cha 43 afya, maji na makazi, cha 46 haki za mnunuzi, cha 35 kupata habari. Kifungu cha 20 kinasema Haki hizi zinawafunga watu wote pamoja na vyombo vya dola, na kwa Katiba hiyo kampuni nayo ni "mtu".

Jambo moja linaweza kuwa na majina matatu. Kibarua anayepulizia dawa shambani bila glavu wala barakoa, analipwa bila karatasi ya mshahara, na maji ya dawa yanatiririka kisimani mwa jirani: hapo pana suala la usalama kazini, la ajira na la mazingira. Yaandike matatu, kila moja na ofisi yake.

Hatua ya 2: Fungua daftari leo

Daftari la kawaida la dukani linatosha. Kila tukio lipate tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Andika siku ileile. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ya tukio ina uzito kuliko hadithi iliyokusanywa mwaka mmoja baadaye.

Weka pamoja nalo:

- ujumbe wa M-Pesa wa mishahara, kadi ya kazi, picha ya ratiba ya zamu;
- karatasi za hospitali na vipimo, hata vya zahanati ndogo;
- namba ya OB, yaani ya daftari la matukio, ukiripoti polisi, na fomu ya P3 ya polisi inayojazwa na daktari ukiwa umepigwa;
- picha zenye tarehe. Piga pia picha inayoonyesha kitu kisichohama, kama mnara au mwembe mkubwa, ili mahali pajulikane.

Kama mwajiri hakukupa mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ndiye aandike masharti ya kazi, na kesi ikifika mbele akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unamrudia yeye. Nimewaona akina mama wa mashambani wakiacha madai ya halali kwa sababu tu "hatukuandikiwa kitu". Kutoandikiwa ni kosa la mwajiri.

Nakala ya kila kitu iwekwe nje ya nyumba yako, kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya 3: Barua moja, anwani mbili, muhuri mmoja

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Andikia kampuni, na nakala ipeleke ofisi ya umma inayoisimamia. Peleka kwa mkono, ukiwa na nakala ya ziada, na usiondoke kaunta kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga, tuma kwa rejista ya posta au baruapepe na uhifadhi risiti.

Barua isizidi kurasa mbili. Inaweza kwenda hivi:

*Sisi, wakazi wa … / wafanyakazi wa idara ya …, tunaarifu kwamba tangu tarehe … yamekuwa yakitendeka haya: (moja, mbili, tatu, kila moja na tarehe). Madhara yake kwetu ni haya: …. Haya yanagusa haki zetu chini ya Kifungu cha … cha Katiba. Tunaiomba kampuni ifanye haya: … kabla ya tarehe …. Tunaiomba ofisi yako, kama msimamizi kwa mujibu wa sheria, ifanye ukaguzi na kutujibu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyohiyo. Nakala: ….*

Omba vitu vinavyopimika. "Mtuheshimu" hakipimiki. "Mlipe saa za ziada za Januari hadi Juni", "mzibe mtaro unaoingia kisimani", "mtupe nakala ya ripoti ya vipimo vya maji", hivi vinaweza kutazamwa na kuonekana vimefanyika au havijafanyika.

Kwa nini nakala kwa serikali? Kwa sababu siku ofisi hiyo itakapodai haikujua, utatoa karatasi yenye muhuri wake. Barua iliyokuwa kero ndogo mwezi wa kwanza inakuwa ushahidi wa uzembe mwaka wa tatu.

Kama kampuni ina dawati lake la malalamiko, litumie, ila mambo mawili uyashike. Usikubali muda wa dawati hilo ukumalizie siku za sheria, ambazo nitazitaja. Na usitie sahihi karatasi ya "malipo ya mwisho" bila kuisomewa na mtu anayejua sheria, kwa lugha unayoielewa. Karatasi hiyo mara nyingi ina sentensi moja inayosema hutadai tena chochote, milele.

Hatua ya 4: Omba karatasi za serikali

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ni rafiki mkubwa asiyetembelewa. Mwananchi yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma na kuomba hati, na sheria inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu ya kutaka. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kudaiwa gharama ya kunakili tu.

Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku zisizozidi 14 mara moja. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman, ndani ya siku 30.

Omba hati kwa jina lake. Kwa kiwanda: leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na masharti yake, na ripoti za ukaguzi wa kila mwaka. Kwa mgodi: leseni ya uchimbaji na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa shamba: hatimiliki, muda wa kukodi na tarehe ya kumalizika kwake. Sheria hii inagusa hata kampuni binafsi ikiwa inatumia mali ya umma, inatoa huduma ya umma, au inashikilia habari zenye maslahi makubwa kwa umma.

Masharti ya leseni ni hazina. Humo utakuta kampuni iliahidi kupima maji kila baada ya miezi kadhaa, au kuweka uzio. Ukishayashika, malalamiko yako yanatoka kwenye "tunaumia" na kuwa "mmevunja sharti namba saba".

Hatua ya 5: Ofisi sahihi, na siku zake

Kalenda ndiyo inayoua madai mengi, hata yale yenye ushahidi mzuri. Haya andika ukutani.

*Kufukuzwa kazi au mshahara.* Nenda ofisi ya leba ya kaunti. Lalamiko la kuachishwa kazi bila haki hufikishwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Kesi yenyewe katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina miaka 3. Kwa dhuluma iliyokuwa ikiendelea mfululizo ni miezi 12 tangu ilipokoma. Na ukiogopa kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika, jua kwamba Sheria ya Ajira inataja kumlalamikia mwajiri kuwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, isipokuwa lalamiko lionekane halina msingi wowote.

*Kuumia kazini.* Mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi au mbele ya mashahidi. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Wewe, au familia yako kama umefariki, mna miezi 12 ya kuwasilisha dai la fidia. Usimngoje mwajiri. Ukiona wiki imepita hajapeleka fomu, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti ya Mkurugenzi huyo (DOSH) na karatasi zako za hospitali. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga.

*Mazingira.* Lalamika kwa NEMA ya kaunti. NEMA ikilala, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira inayochunguza hata mwenendo wa NEMA yenyewe. Uamuzi wa leseni hupingwa kwenye Baraza la Rufaa za Mazingira, yaani Tribunali, ndani ya siku 60. Mradi ukiwa bado haujaanza, maoni yenu yapelekwe kwa maandishi katika muda uliotajwa kwenye tangazo. Kusimama barazani na kupiga kelele kunaweza kusiingie kwenye kumbukumbu kabisa, kwa hiyo andikeni, mtie sahihi, mgonge muhuri.

*Ardhi ya jamii na madini.* Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba wa mwekezaji hauna nguvu bila kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Wazee watano na chifu hawatoshi. Daini orodha ya waliohudhuria na kumbukumbu za mkutano. Na kwenye madini, Sheria ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale madini yanapochimbwa. Juu ya hapo mwenye leseni kubwa anatakiwa kuwa na mkataba wa maendeleo na jamii. Ulizeni hiyo 10 iko wapi, kwa kutumia Hatua ya 4.

*Haki za binadamu kwa jumla.* Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, hupokea malalamiko bila malipo, inaweza kuchunguza, kuita watu na kupatanisha. Ina uzoefu wa muda mrefu na kampuni. Mwaka 2005 ilifanya uchunguzi wa hadhara Malindi kuhusu kampuni za chumvi za Magarini, ambako wakazi walilalamikia kuondolewa kwenye ardhi, maji kuharibika na hali mbaya za kazi, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Mtu wa Marereni au Gongoni, hukohuko Magarini, anayelalamika leo hahitaji kuanza mwanzo; ana kumbukumbu ya dola yenyewe ya kushika mkononi. Ushauri wangu ni mmoja: Tume haina uwezo wa kusimamisha kalenda. Peleka lalamiko kwao na uendelee kuhesabu siku za mahakama.

Hatua ya 6: Mahakamani bila kufilisika

Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba yake, ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Kinataka pasiwe na ada ya kufungua shauri la haki za msingi, na taratibu ziwe nyepesi. Kanuni za mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au maelezo ya mdomo. Kwa mazingira kuna zawadi nyingine: Kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara. Inatosha kwamba mazingira yanaharibiwa au yako hatarini.

Hata hivyo sishauri kwenda peke yako kama kuna njia. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016 kwa wasiojiweza, na wasaidizi wa kisheria wa mitaani wanajua milango mingi. Nendeni kama kundi. Kundi linagawana nauli, linagawana hofu, na ni vigumu zaidi kulinunua.

Tahadhari moja ya siku. Dai la kawaida la madhara dhidi ya serikali, tofauti na shauri la Katiba, lina miezi 12 tu, ilhali dhidi ya kampuni binafsi ni miaka 3. Mawakili wengine hugundua hili wakiwa wamechelewa. Muulize wako siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Kampuni ikiwa na kampuni mama ng'ambo

Usiambiwe kwamba kampuni ya nje haishikiki Kenya. Februari 2023 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba ina mamlaka juu ya Meta, wenye Facebook, katika kesi iliyotokana na wahakiki wa maudhui, yaani wanaochuja machapisho, waliofanya kazi Nairobi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono msimamo huo.

Kuna pia milango ya huko kwao. Mwaka 2021 Camellia ya Uingereza, iliyokuwa na hisa nyingi za Kakuzi ya Murang'a, ilifikia maafikiano ya hadi pauni milioni 4.6 baada ya madai ya ukatili wa walinzi wa shamba kufunguliwa London. Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa ziangalie madhara ya matawi na wauzaji wake popote duniani. Ujerumani ina yake ya minyororo ya ugavi, iliyoanza kutumika Januari 2023, na mtu aliyeathirika nje ya nchi anaweza kulalamika kwa ofisi ya serikali iitwayo BAFA. Na takriban nchi 50 zinazofuata Miongozo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, kila moja ina ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya kampuni zake. Ofisi hizo hupatanisha tu, hazitoi amri, lakini kampuni yenye wateja wanaojali jina hupata shida kuzipuuza.

Kujua mnunuzi wa nje ni nani, soma maboksi. Lebo za maua, parachichi na nguo hutaja duka.

Hatua ya 8: Ukishashinda

Turudi Owino Uhuru. NEMA ilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia. Wakazi hawakutawanyika. Walikata rufaa nao, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni zaidi ya miaka minane tangu kufungua kesi, na katika miaka hiyo walioshuhudia wanazeeka, wanahama, wanafariki. Ndiyo maana ninawasihi wanakundi waandikishe ushahidi wa wazee na wagonjwa kwa kiapo mapema, na kila familia iweke wazi ni nani atasimama badala ya aliyefariki.

Dhidi ya kampuni binafsi, hukumu hukazwa kwa kukamata mali. Dhidi ya serikali huwezi kukamata gari wala jengo lake. Baada ya siku 21 tangu amri, mwombe msajili wa mahakama cheti cha amri hiyo chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, kipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara, kwa kawaida Katibu wa Wizara, ukipata muhuri kama kawaida. Asipolipa, rudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha atekeleze wajibu huo. Akiipuuza nayo, ombi linalofuata ni la kudharau mahakama, na hapo anayeitwa ajieleze ni afisa mwenyewe kwa jina lake.